Sikio la Bibi Kizee: Adabu ya Kuhubiri katika Ngano ya Masala Kulangwa na Shing'weng'we

Ikisiri

Makala hii inahakiki ngano ya Kisukuma ya Masala Kulangwa na Shing'weng'we kama inavyotumiwa katika mahubiri ya Kikristo mkoani Shinyanga. Inauliza iwapo kumshirikisha imani yako mtu asiyeiamini ni kumvunjia heshima. Makala inadai kwamba jibu halimo katika maudhui ya mahubiri wala katika ukali wa maneno, bali katika nafasi anayopewa msikilizaji ndani ya matini. Hoja hiyo inajengwa juu ya tukio dogo ambalo wafasiri wa ngano hii hulipita upesi, yaani kukatwa kwa sikio la bibi kizee wakati wa ukombozi. Inatiwa nguvu kwa uchambuzi wa msamiati na sarufi ya Kiswahili cha mahubiri, hasa kiambishi -ja- katika vitenzi kama hajaokoka.

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya umma nchini Tanzania, swali la iwapo ni utovu wa adabu kumhubiria mtu asiye wa dini yako huulizwa mara nyingi kana kwamba jibu lake limo katika maneno yanayohubiriwa. Husemwa kwamba neno hili ni la kashfa na lile si la kashfa. Sheria nayo imeelekea huko. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani anayetamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini za mwenzake, na ni kwa kifungu hicho Hamisi Rajabu Dibagula alitiwa hatiani mjini Morogoro kwa kusema hadharani kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani iliifuta hatia hiyo. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kutangaza na kueneza dini, na kusudi la kuumiza haliwezi kudhaniwa tu kwa sababu aliyesikia ameumia. Muislamu anayetamka sentensi ile anatamka itikadi yake, kama Mkristo anayetamka kinyume chake.

Uamuzi ule ulikuwa wa busara, na haukuwa wa kinadharia tu. Miaka kumi baadaye, Februari 2013, ugomvi wa Buseresere mkoani Geita kuhusu nani anastahili kuchinja nyama ya kuuzwa uliishia kwa kifo cha mchungaji. Mambo haya yanaua. Hata hivyo, kwa mhakiki wa fasihi uamuzi wa mahakama unaacha eneo kubwa bila kuguswa. Sheria humtazama msemaji na kuuliza alikusudia nini. Haina njia ya kumtazama msikilizaji na kuuliza amewekwa wapi na matini aliyosomewa: je, ni mtu anayeweza kujibu, au ni mfano tu katika hoja ya mwingine?

Swali hilo linahitaji mahali pa kulijaribia, na Shinyanga panafaa kwa sababu moja. Kesi ya Morogoro na ugomvi wa Buseresere vilihusu Waislamu na Wakristo, yaani pande mbili zenye vitabu, viongozi na majengo. Lakini Usukumani anayehubiriwa, kwa muda mrefu, amekuwa mtu asiye wa upande wowote kati ya hizo mbili. Mapadri Weupe walifika Bukumbi, kusini mwa Ziwa, mwaka 1883. Misheni ya Afrika Inland ikashika kituo cha Nassa mwaka 1909 na baadaye ikajenga Kolandoto. Wamaryknoll wakafuata katikati ya karne iliyopita. Pamoja na juhudi hizo zote, Wasukuma wengi walibaki na matambiko yao, na maandishi ya wamisionari wenyewe yamejaa mshangao juu ya jambo hilo. Ni wangapi leo? Sensa za Tanzania hazijauliza swali la dini tangu 1967, na pengine ni heri, kwa kuwa kisanduku cha kutia alama kingetulazimisha kuamua mapema kile ambacho makala hii inataka kukichunguza.

2.0 Ngano na Wahubiri Wake

Kwa ufupi ngano yenyewe ni hii. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote pamoja na mifugo yao. Akanusurika mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika lundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, akaitwa Masala Kulangwa. Kijana alipopata akili akamuuliza mama yake walipo watu wengine, naye akasimuliwa habari za zimwi. Akaingia porini kulitafuta. Mara ya kwanza alirudi na panzi, akauliza: huyu ndiye Shing'weng'we? Mama akasema siye. Akarudi na ndege, siye. Akarudi na swala, siye. Mwishowe akakutana na zimwi lenyewe, akaliua na kulipasua tumbo, na watu wote wakatoka wakiwa hai, baba yake akiwamo. Lakini katika kupasua, kisu kilikata sikio la bibi kizee mmoja. Bibi akakasirika, akamtukana kijana, akataka hata kumloga. Masala Kulangwa akatafuta dawa, akamponya. Watu wakamfanya mtemi.

Ngano ya zimwi mmezaji si mali ya Wasukuma peke yao. Kipengele cha kijana anayemletea mama yake mnyama baada ya mnyama na kuambiwa kila mara kwamba siye kinapatikana pia katika hadithi ya Sultani Majinuni na nunda mla watu, aliyoichapisha Edward Steere katika mkusanyo wake wa hadithi za Unguja mwaka 1870. Steere alikuwa mmisionari, lakini aliichapa hadithi bila kuifungia mahubiri mwishoni. Kusini mwa bara, Wasotho wana Senkatana, ambaye S. M. Mofokeng alimtungia tamthilia mwaka 1952. Huko waliookolewa wanamgeuka mkombozi wao. Ukitazama Senkatana upande mmoja na nunda upande wa pili, toleo la Kisukuma linajitokeza kwa jambo moja mahususi: malalamiko yapo, lakini yanatoka kwa mtu mmoja, na yanahusu jeraha halisi.

Aliyeifanya ngano hii ijulikane nje ya Usukumani ni Donald Sybertz, padri wa Maryknoll aliyeishi Shinyanga kwa miongo mingi na kufanya kazi pamoja na kikundi cha utafiti cha Ndoleleji. Katika kitabu alichokiandika pamoja na Joseph Healey kuhusu teolojia simulizi ya Kiafrika (1996), Masala Kulangwa analinganishwa na Kristo, na zimwi na nguvu za uovu. Mradi wao unastahili heshima kwa sababu zilizo wazi. Walisikiliza kwa miaka mingi, waliandika methali, vitendawili, nyimbo na ngano ambazo bila wao baadhi zingepotea, na waliwataja wazee wa Kisukuma kama walimu wao. Ukiwalinganisha na kizazi cha wamisionari walioita mambo haya ushenzi, tofauti ni ya mbingu na ardhi. Kama kuna mahubiri yanayoweza kuitwa ya adabu, ni haya.

Ndiyo maana ni haya yanayopaswa kuhakikiwa. Mhubiri anayetukana anajulikana, na hoja dhidi yake ni rahisi mno kiasi cha kutofundisha chochote. Mgumu zaidi ni yule anayekuja na ngano yangu mwenyewe, akaisimulia vizuri kuliko mjukuu wangu, kisha mwishoni akanieleza kwamba tangu mwanzo ilikuwa ikimzungumzia Mungu wake. Je, amenisikiliza, au amenikopa sauti?

3.0 Sikio

Mlinganisho wa Masala Kulangwa na Kristo unakwenda vizuri kwa sehemu kubwa ya ngano. Kuna mama, kuna mtoto aliyezaliwa baada ya maangamizi, kuna adui aliyemeza ulimwengu, kuna tumbo lililopasuliwa na wafu waliotoka wakiwa hai. Unapofika kwenye sikio, unakwama. Mhubiri anaweza kukimbilia Luka 22, ambako sikio la mtumishi wa kuhani mkuu linakatwa na kuponywa. Yohana anaongeza jina la mkataji, Petro, na la mkatwaji, Malko. Ni mfanano unaovutia, lakini utazame kwa makini. Katika Injili, anayekata ni mwanafunzi aliyepandwa na hasira, naye Yesu anamkemea kisha anaponya. Katika ngano ya Kisukuma, mkataji na mponyaji ni mtu mmoja. Tena hakukata kwa hasira. Alikata katika tendo lenyewe la kuokoa, kwa kisu kilekile kilichowafungulia wengine mlango.

Hapa ngano inasema jambo ambalo mahubiri yanayoitumia hayasemi: kwamba mwokozi anaweza kumjeruhi anayemwokoa, bila kukusudia, na kwamba kutokukusudia hakumwondolei deni la dawa. Tukumbuke kesi ya Dibagula. Mahakama iliuliza kuhusu kusudi, na kwa mahakama hilo ndilo swali sahihi. Ngano haiulizi kuhusu kusudi. Bibi amekatwa, kijana anatafuta dawa.

Mhubiri aliyefika hapa ana njia tatu. Anaweza kuliacha tukio, kama afanyavyo anayesimulia kwa haraka. Anaweza kumfanya bibi kuwa mfano wa wasio na shukrani, wale wanaotendewa mema na kulipa mabaya, kisha akasifu upole wa mwokozi anayemponya hata adui yake. Njia ya pili ndiyo inayokuja kwa urahisi zaidi, kwa sababu fanani mwenyewe ameifungua aliposema kwamba bibi alitaka kumloga kijana. Njia ya tatu ni kumsikiliza bibi.

Analalamikia nini? Hasemi kwamba tumboni mwa zimwi palikuwa pazuri, wala haombi kurudishwa. Halalamikii ukombozi hata kidogo. Analalamikia sikio. Wafasiri wanaomfanya mpinzani wa wokovu wanachanganya mambo mawili ambayo ngano yenyewe inayatenganisha: kukataa unachopewa na kulalamikia namna ulivyopewa. Mkanganyiko huu uko pia nje ya ngano. Mtu akisema kwamba kipaza sauti cha mkesha kimemnyima usingizi, hujibiwa kwamba moyo wake ni mgumu. Alichosema kilihusu sikio. Alichojibiwa kilihusu roho.

Tuhuma ya uchawi inahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa Shinyanga si mahali ambapo neno hilo hutamkwa kwa mzaha. Simeon Mesaki (1994), akiandika juu ya mauaji ya watuhumiwa wa uchawi, anaonyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 waliouawa Tanzania Bara walikuwa zaidi ya 3,600, sehemu kubwa Usukumani, na wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Bibi kizee mwenye hasira, katika mazingira hayo, si mhusika wa ngano tu. Maneno yake ya uchungu yanaweza kusomwa kama ushahidi dhidi yake. Katika matini, kauli kwamba alitaka kumloga kijana ni ya fanani. Hatupewi neno lolote la bibi mwenyewe isipokuwa taarifa kwamba alitukana. Mhubiri anayeipokea kauli hiyo bila swali na kuipa uzito wa Maandiko anachukua hatua ambayo fanani hakuichukua, maana fanani angalau alimaliza kwa dawa. Haya si madai kwamba mahubiri ndiyo chanzo cha mauaji; wahubiri wengi wa mkoa huo wamesimama hadharani kuyapinga, na ramli chonganishi ina historia yake yenyewe. Madai ni finyu zaidi: kwamba ufasiri wa ngano una madhara, na kwamba mhakiki hawezi kuupita huu kana kwamba ni suala la ladha.

Jambo jingine dogo, lakini linalofurahisha: kinachomponya bibi ni dawa. Shujaa anafanya kazi ya nfumu, yaani mganga. Baadhi ya maandishi ya teolojia ya Kiafrika humwita Yesu mganga, na hapo hakuna tatizo. Tatizo ni kwa mhubiri ambaye Jumapili anawalaani waganga wote kwa pamoja, kisha anahitaji kijana wa ngano awe na mkoba wa dawa ili mlinganisho wake ukamilike.

4.0 Sarufi ya Kumngojea Mtu

Kama msikilizaji anawekwa mahali fulani na ngano, anawekwa pia na lugha ambayo ngano hiyo inafasiriwa. Mahubiri ya Shinyanga hufanyika kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, na mara nyingi kwa kuchanganya. Hapa nitashughulikia Kiswahili, ambacho msamiati wake wa dini umeenea nchi nzima.

Tuanze na majina. Mshenzi, katika Kiswahili cha pwani, lilikuwa jina la mtu wa bara asiye Muislamu kabla halijawa tusi la jumla. Kafiri lilitoka kwenye Kiarabu na mpagani likaja na misheni kutoka Kilatini, ambako asili yake ni mtu wa shamba. Yote matatu yanamtaja mtu kwa umbali wake kutoka kwa msemaji. Leo mwenye adabu huyaepuka, na badala yake husema asiyeamini au asiye na dini. Ni maendeleo, lakini ukanushi umebaki. Mzee wa Kisukuma anayetambikia wahenga wake, anayejua ni nani alale wapi katika kaya na ni ng'ombe wa rangi gani anayehitajika kwa tambiko gani, akiulizwa na karani dini yake hujibu: sina. Lugha imempa kitenzi cha kumiliki katika hali ya kukosa, naye amekikubali. Kitabu cha Wijsen na Tanner (2002) kuhusu dini na utambulisho Usukumani kina jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Mimi ni Msukuma tu, na ninaliona jibu hilo kuwa na akili kuliko swali. Kielezi tu kinaonekana kupunguza, lakini kwa hakika kinakataa mizani yenyewe: sina wala sikosi, ni Msukuma.

Majina, hata hivyo, yamejadiliwa sana. Kisichojadiliwa vya kutosha ni njeo. Katika Kiswahili cha walokole, na sasa katika lugha ya kawaida ya mitaa ya Kahama na Geita, mtu ambaye si wa kundi hilo huitwa hajaokoka. Hasemwi kuwa haamini. Tofauti kati ya haamini na hajaamini ni ya mofimu moja, na uzito wake wote umo humo. Kikanushi cha wakati uliopo katika haamini kinamwachia mtu msimamo: amelifikiria jambo, au ana jambo lake. Kiambishi -ja- kinabeba matarajio. Tunasema mvua haijanyesha kwa kuwa tunaitazamia, chakula hakijaiva kwa kuwa kiko jikoni. Hajaokoka inamweka mtu jikoni. Imani yake mwenyewe haikanushwi, haitukanwi, wala haitajwi. Imegeuzwa kuwa kuchelewa. Mahakama isingeona kashfa yoyote katika neno hilo, na ingekuwa sahihi. Lakini mtu wa miaka sabini aliyelelewa, akaoa, akazika wazazi na kuongoza tambiko kwa utaratibu kamili anaelezwa kwa sarufi ya kitu ambacho bado.

Kuna upande wa pili, na ingekuwa uonevu kuuacha. Anayesema hajaokoka amekataa pia kumfuta mtu. Kafiri ni hukumu iliyokwisha. Hajaokoka ni mlango ulioachwa wazi, na wapo wanaolitamka neno hilo kwa upendo wa kweli, wakilala njaa kwa mfungo kwa ajili ya ndugu yao. Sioni njia ya kuzitenganisha sura hizi mbili za mofimu moja. Ndiyo maana ninashuku jibu lolote la haraka kwa swali la makala hii.

Kitenzi hubiri chenyewe kina asili moja na habari. Katika maamkizi ya Kiswahili, habari ni swali. Aliyeulizwa anajibu, kisha anauliza yeye. Kisukuma nacho kina maamkizi marefu, mwangaluka, mhola, na kuulizana ukoo, ambayo hayawezi kufanywa na mtu mmoja. Hubiri lilipoingia katika dini lilichukua kauli ya kutendea, kumhubiria mtu, lenye mtenda na mtendewa wanaojulikana mapema. Umbo la kutendeana, kuhubiriana, linaruhusiwa na sarufi lakini ni nadra kulisikia. Tunajadiliana, tunashauriana, tunasikilizana, tunaamkiana, ila kuhubiri kumebaki kwenda upande mmoja.

5.0 Zamu

Kama hoja hii ina ukweli, mahali pa kutafutia adabu ni pale ambapo mwingine ana zamu ya kujibu, na hapo tunakutana na tokeo lisilotarajiwa. Tanzu inayolaumiwa kuliko zote kwa kuvunja heshima ni mihadhara ya dini, ile mikutano ya wazi iliyoenea tangu miaka ya 1980, ambamo wahubiri wa Kiislamu husoma Biblia aya kwa aya ili kuonyesha kwamba Wakristo wameielewa vibaya, na ambayo wahubiri wa Kikristo waliijibu kwa mikutano ya namna hiyohiyo. Lugha yake ni kali na kicheko cha hadhira si cha upole. Lakini kimuundo, mhadhara unamchukulia asiyeamini kama mtu mwenye hoja. Unajibu kitabu chake, na mara nyingi unamwalika aje kuuliza au kubisha. Ni utanzu wa ushindani, na ushindani unahitaji mpinzani aliye hai.

Wasukuma wanaufahamu vizuri mfumo kama huo. Katika mashindano ya ngoma kati ya Bagika na Bagalu, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, yakitambiana na kukejeliana, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Kejeli si utovu wa adabu uwanjani pale, kwa sababu mbili: kundi la pili liko palepale likijibu, na mtazamaji ana miguu. Asiyependa anavuka kwenda upande wa pili au nyumbani kwake. Linganisha na mahubiri ya msibani, ambayo yamekuwa desturi hata kwa marehemu ambaye hakuwa wa kanisa lolote. Waombolezaji hawawezi kuondoka, hawawezi kubisha, na kijana wa kwaya anazungumza juu ya kitanda cha mzee ambaye wajukuu zake wanajua alimtambikia nani. Maneno yanaweza kuwa laini kabisa. Kwa kipimo cha makala hii, mahubiri hayo yanakosa heshima kuliko mhadhara wa viwanja vya sokoni, na wasomaji watakaoona hukumu hii kuwa ya ajabu wajiulize ni wapi kati ya sehemu hizo mbili wangependa kusikia wasichokubaliana nacho.

Mhadhara, hata hivyo, nao una mipaka, na Shinyanga inauonyesha mpaka wake. Zamu inatolewa kwa mwenye kitabu. Biblia inajibiwa kwa Kurani na Kurani kwa Biblia. Mzee asiye na kitabu anasimama pembeni akisikiliza watu wawili wakigombania kitu ambacho hakuwahi kukidai. Ngano yake inaweza kutajwa na mmoja wao kama mfano, lakini mfano haupewi kipaza sauti.

Fasihi imewahi kumpa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa kilicho kaskazini mwa Usukuma katika Ziwa hilohilo, alisoma seminari na kufanya kazi na Mapadri Weupe. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ya Myombekere na Bugonoka, ambayo baadaye aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili na kuchapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Ni kitabu cha Mkatoliki kamili, na ndani yake hakuna padri, hakuna ubatizo, hakuna anayeokoka. Watu wa Kitereza hupiga ramli, hutambika, hutafuta dawa ya uzazi, hulaumiana na kupatana kwa pombe ya fidia, nao hueleza sababu za kila wanachofanya kwa maneno yao. Hakuna sentensi inayowaita bado.

Ningependa kusema kwamba hapo ndipo jibu lilipo, lakini sivyo. Kitereza ameipata heshima hiyo kwa kumwondoa mhubiri jukwaani. Myombekere anaongea kwa uhuru kwa kuwa hakuna aliyekuja kumwambia lolote jipya. Katika riwaya nzima hakuna mazungumzo kati ya imani mbili, na mwandishi aliyekuwa na imani zote mbili kifuani ndiye ambaye angeweza kuyaandika kuliko wote. Kunyamaza kwake kunaeleweka. Ila mtu anayedhani kwamba njia pekee ya kumheshimu asiyeamini ni kutomwambia chochote anamfanya kuwa kitu cha makumbusho: cha kutunzwa, kisichoweza kushawishika wala kushawishi. Nikimwambia jirani yangu ninachoamini kuwa kweli, nimemchukulia kama mtu anayeweza kuupima ukweli. Ninakosea ninapomwambia huku nimeshaandika jibu lake.

Ndipo ninarudi kwa Masala Kulangwa, kwa sehemu ya ngano ambayo wahubiri huifupisha kwa kuwa inachukua muda. Jina la shujaa linaunganisha akili na kufundishwa: masala ni akili, na kulangwa ni umbo la kutendwa. Anaitwa kwa jina la mwanafunzi. Kabla ya kumpiga yeyote kwa niaba ya watu, anarudi nyumbani mara tatu na kuuliza: ndiye huyu? Mara tatu anaambiwa siye, na mara tatu anakubali kwamba alikosea adui. Panzi, ndege na swala walikuwa tayari mkononi mwake. Mahubiri niliyowahi kuyasikia yakijengwa juu ya ngano hii huanza na kisu.

Ngano haituambii bibi kizee alisema nini baada ya sikio kupona. Matoleo yanayotumika katika ufundishaji wa dini huishia kwenye utemi wa kijana, na inawezekana kabisa kwamba yapo mengine yasiyoishia hapo, Kishapu, Maswa au ng'ambo ya Geita, katika vinywa vya mafanani ambao hakuna aliyewaendea akiwa na swali hilo. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atakayekwenda kurekodi namshauri aanze na wanawake wazee, na wakifika mwisho asizime kinasa sauti.